Viungo vya Mchuzi, Viungo vya Mwili: Manjano na Goti Linalouma

Kipindi cha afya. Nakala ya kusomwa hewani na ya kubandikwa kwenye mbao za matangazo.

(Muziki wa kufungulia. Unashuka. Sauti.)

Ndugu msikilizaji, hujambo popote ulipo, iwe Nyarugusu, Nakivale, Kakuma, Dzaleka au Lusenda. Na wewe unayesoma karatasi hii ubaoni kwa sababu betri za redio zimeisha, karibu pia. Kama nyuma yako amesimama mzee asiyeona vizuri, tafadhali msomee kwa sauti, maana habari ya leo ni yake kuliko yako.

Leo tunazungumzia manjano. Wenzetu wa Bujumbura na Bukavu mnayaita kurkuma. Sisemi binzari ile nyembamba ya pilau. Nasema mzizi ule unaofanana na tangawizi, ambao ukiukata ndani ni wa rangi ya chungwa, na ukishika unga wake vidole vinakaa na rangi siku mbili. Zamani manjano yalikuja nyumbani yamefungwa kwenye kijikaratasi, yakaishia kwenye mchuzi. Siku hizi yanakuja ndani ya kopo, yamejazwa kwenye kapsuli, na anayeyauza anakwambia yanaponya magoti, kiuno, mabega na vidole. Huku kwetu alipita mchuuzi mmoja aliyelifanya jambo hilo kuwa wimbo: "Viungo kwa viungo, mama! Viungo kwa viungo!" Kiswahili chake kilikuwa kitamu. Ndicho kilichomuuza.

Aliyenunua ni bibi yangu. Ndugu zangu wa Kongo, msicheke. Nimekulia Tanzania, na huku bibi si mke, ni mama aliyemzaa mama yangu. Ingawa yeye mwenyewe huniita "mume wangu", kwa hiyo labda mna haki ya kucheka kidogo.

Goti la kulia la bibi lilianza kumsumbua miaka kadhaa iliyopita. Masika iliyopita ilifika mahali akawa haendi chooni bila kushika ukuta. Alisikia ule wimbo wa mchuuzi, akauliza bei, akanyamaza. Siku ya mgao alichukua mafuta ya kupikia yote na nusu ya maharage, akayauza, akanunua kopo. Hakuniambia. Nilijua jioni, wadogo zangu wawili walipokula ugali kwa chumvi. Tulikula hivyo siku kumi na moja. Sitamlaumu mtu ambaye goti lake linamliza usiku, na wewe usimlaumu wa kwenu. Lakini tangu siku hiyo nilitaka kujua ndani ya kopo lile kuna nini, na manjano yanaweza nini hasa. Hayo niliyojifunza ndiyo nakuletea.

Kwanza tuelewane kuhusu ugonjwa wenyewe. Sisi tuna neno moja, baridi yabisi, na wengine husema rumatizimu, na ndani yake tunatia kila kinachouma kwenye maungio. Neno hilo linatudanganya mara mbili. Linatufanya tuamini kuwa baridi ndiyo iliyoleta ugonjwa, wakati baridi huongeza tu maumivu kwa baadhi ya watu. Tena linatufanya tuamini ni ugonjwa mmoja, kwa hiyo dawa ni moja.

Kwa wazee wengi, kinachouma ni kuchakaa. Mwisho wa mfupa, pale unapokutana na mwenzake, umefunikwa na gegedu, kitu cheupe kinachoteleza kama kile unachokiona kwenye paja la kuku. Gegedu likiisha kidogo kidogo, goti hulalamika ukipanda kilima, ukichuchumaa, ukinyanyuka. Asubuhi linakaza, lakini ukitembea dakika chache linalegea.

Baridi yabisi yenyewe ni jambo lingine. Kinga ya mwili, ambayo kazi yake ni kupigana na vijidudu, inageuka na kuyapiga maungio. Hapo huvimba vidole na viganja, mara nyingi mikono yote miwili kwa pamoja, na asubuhi mtu anakaa saa nzima au zaidi kabla hajaweza kufunga kifungo cha shati. Huyu anahitaji dawa za hospitali, kama methotrekseti, na anazihitaji mapema, kwa sababu kiungo kikishapinda hakirudi. Halafu kuna jongo, linalopenda kuanzia kidole gumba cha mguu, usiku, kwa maumivu ambayo hata shuka likigusa mtu anapiga kelele. Jongo tutalitengea kipindi chake.

Nimeyasema haya kwa sababu manjano, pale yalipoonekana kusaidia vizuri zaidi, yalipimwa kwa watu wa kundi la kwanza, wa goti lililochakaa. Ukiwa na vidole vilivyovimba pande zote mbili na ukaacha dawa ya hospitali kwa ajili ya kopo la njano, unapoteza muda ambao vidole vyako havina.

(Muziki mfupi.)

Sasa, manjano yanasaidia? Jibu si "hapana", na nadhani wataalamu wakisema "hapana" tu ndiyo sababu watu huwaacha na kumfuata mchuuzi.

Ndani ya manjano kuna kitu kinachoitwa kurkumini. Ndicho kinachotoa rangi, na kinaweza kupoza uvimbe mwilini. Huko Thailand walichukua watu 367 wenye magoti yaliyochakaa. Kundi moja wakawapa dondoo la manjano, miligramu 1,500 kwa siku, na kundi la pili ibuprofeni, miligramu 1,200 kwa siku. Baada ya wiki 4 makundi yote mawili yalipata nafuu inayokaribiana, na waliokunywa ibuprofeni ndio waliolalamika zaidi kuumwa tumbo. Matokeo yalitoka mwaka 2014. Mwaka 2020 yakatoka mengine kutoka Tasmania, kule Australia: watu 70, wiki 12, nusu wakipewa kapsuli za dondoo la manjano na nusu kapsuli zinazofanana nazo zisizo na dawa. Waliopata manjano maumivu yalipungua zaidi kuliko wenzao. Lakini magoti yao yalipigwa picha kwa mashine, na maji yaliyojaa ndani ya goti hayakupungua kuliko ya wenzao.

Kwa hiyo yanaweza kupunguza maumivu kwa baadhi ya watu, kiasi, kwa wiki kadhaa. Gegedu lililoisha hayalirudishi. Anayekwambia goti litakuwa jipya anakuuzia maneno.

Na hapa pana hesabu ambayo wachuuzi hawaifanyi. Hao wa Thailand na Tasmania hawakula unga wa jikoni. Walikula dondoo, yaani manjano yaliyokamuliwa na kukolezwa kiwandani. Unga wa kawaida wa manjano una kurkumini asilimia 3 hivi. Kijiko cha chai kina gramu 3 za unga, kwa hiyo unapata karibu miligramu 90. Ukitaka gramu moja ya kurkumini kwa siku itabidi ule zaidi ya vijiko kumi, na tumbo lako litakuambia mapema kuwa halitaki. Tena kurkumini haipendi maji, inayeyuka kwenye mafuta, na sehemu kubwa ya unachokula inapita tu na kutoka. Pilipili manga ina kitu kinachosaidia mwili kuinasa, ndiyo maana kapsuli nyingi huchanganywa nayo. Kwa hiyo yule anayekoroga manjano kwenye maji ya moto asubuhi akingoja goti lipone, kinywaji si kibaya, ila asikitegemee.

Turudi kwa bibi. Alimeza kapsuli mbili asubuhi na mbili jioni. Siku ya pili maumivu yakaisha. Msikilizaji, hayakupungua, yaliisha. Alienda kanisani bila fimbo na aliporudi alinitania kwamba nimtafutie mahari. Sote tulifurahi, hata mimi niliyekuwa nimekasirikia ugali wa chumvi. Akanunua kopo la pili. Wiki ya tano miguu ikavimba, kichwa kikawa kinamgonga, na kwenye kituo cha afya presha yake ilikuwa juu sana, yeye ambaye hajawahi kuwa na presha.

Tabibu aliuliza anakunywa nini. Bibi akasema, "Sinywi dawa yoyote." Kwake kopo halikuwa dawa, yalikuwa manjano. Ni mimi niliyerudi nyumbani kulichukua. Tabibu alisoma karatasi ya nje, imeandikwa manjano, pilipili manga, asali. Akauliza swali moja ambalo sijalisahau: "Maumivu yalipungua baada ya siku ngapi?" Nilipomjibu mbili, akatikisa kichwa. Katika majaribio manjano halisi yalipimwa kwa wiki, si kwa siku. Nafuu ya haraka namna hiyo, pamoja na miguu kuvimba na presha kupanda, ilimfanya ashuku kuwa ndani kumechanganywa dawa ya maumivu isiyoandikwa. Bibi aliacha kopo chini ya uangalizi wake, na baada ya wiki chache uvimbe ukaisha na presha ikashuka. Maumivu ya goti nayo yalirudi, sitakudanganya.

Jambo hili si la kambini peke yake. Mwaka 2022 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ilitoa onyo kuhusu vidonge vya maungio vilivyouzwa kama vitu vya asili. Maabara ilikuta ndani yake diklofenaki, ambayo ni dawa ya maumivu, na deksamethasoni, ambayo ni dawa kali ya kushusha uvimbe. Hazikuandikwa nje. Diklofenaki ikinywewa muda mrefu bila usimamizi inaweza kutoboa tumbo, kuumiza figo na kupandisha presha. Deksamethasoni inapandisha sukari, inavimbisha uso na kudhoofisha mifupa. Na ina mtego wake: mwili ukiizoea, ukiikata ghafla unaweza kuzidiwa, ukaishiwa nguvu, ukatapika, hata ukaanguka. Kwa hiyo kama umekuwa ukimeza kapsuli za namna hii kwa wiki nyingi, usilitupe kopo chooni kwa hasira. Lipeleke kituo cha afya, waambie umelitumia tangu lini, wao ndio wakuelekeze namna ya kuacha. Hawatakufunga.

(Muziki mfupi.)

Tuseme kopo ni safi, lina manjano matupu. Bado kuna watu wasiofaa kuligusa. Huko Marekani watafiti wanaofuatilia watu walioumizwa ini na dawa walieleza wagonjwa 10 walioumizwa na vidonge vya manjano kati ya mwaka 2011 na 2022. Mmoja alifariki. Baadhi yao vidonge vyao vilikuwa na pilipili manga, ile inayosaidia mwili kunasa zaidi. Australia nayo ilitoa onyo la ini mwaka 2023. Ni watu wachache ukilinganisha na mamilioni wanaoyatumia, lakini dalili zake uzijue: macho kuwa ya njano, mkojo kuwa kama chai ya rangi, kichefuchefu, mwili kuwasha, uchovu usioelezeka. Usidhani ni rangi ya dawa inatoka. Acha na uende kituo siku hiyo hiyo.

Mwenye ugonjwa wa ini au aliyewahi kupata homa ya ini, mwenye vijiwe vya nyongo, anayetumia wafarini au dawa nyingine ya kuzuia damu isigande, anayengoja upasuaji: hao wasitumie kapsuli bila kumuuliza tabibu. Anayetumia dawa za sukari naye aulize kwanza. Mama mjamzito, manjano ya mchuzi ni sawa, ya kapsuli yaache. Na ukiambiwa una upungufu wa damu, ujue kuwa manjano mengi yanaweza kushika madini ya chuma yasiingie mwilini. Kwa akina mama wa kambini hilo si dogo.

Na unga wenyewe? Bangladesh, kwa miaka mingi, baadhi ya wafanyabiashara walikuwa wanaongeza kwenye manjano rangi ya njano yenye madini ya risasi ili mzizi uliofifia uonekane umeng'aa. Risasi huumiza ubongo wa mtoto, na madhara yake hayafutiki. Wanasayansi wa huko na wenzao wa Chuo Kikuu cha Stanford walilianika jambo hilo mwaka 2019, serikali ikafanya msako sokoni, na kufikia 2021 sampuli zenye rangi hiyo, ambazo zilikuwa karibu nusu, hazikuonekana tena. Mimi nimechukua somo dogo tu: unga unaong'aa kupita kiasi usiuonee fahari. Ukiweza, nunua mzizi mbichi, uoshe, uumenye, uutwange mwenyewe.

Au upande. Kipande cha mzizi chenye jicho, kama unavyopanda tangawizi, kwenye kiroba cha udongo mahali penye kivuli kidogo karibu na pale unapomwaga maji ya kuoshea vyombo. Unapanda mvua zinapoanza, na baada ya miezi minane au tisa majani yakikauka unachimba. Hautapata dawa ya goti, utapata mchuzi mzuri. Kaanga manjano kwenye mafuta kidogo pamoja na kitunguu, tia pilipili manga ukiwa nayo, halafu maharage. Hivyo ndivyo ningependa manjano yakae kwetu, jikoni. Mafuta na maharage ya mgao yakae huko huko pamoja nayo.

Sasa goti lenyewe tulifanyeje? Alichopewa bibi kituoni ni panadoli za kutumia siku maumivu yakizidi, kwa kipimo alichoandikiwa, na mazoezi. Yeye alikasirika. Alisema ametembea kutoka Fizi hadi ziwani na watoto mgongoni, mazoezi gani tena? Lakini misuli ya mbele ya paja ndiyo inayolibeba goti, na ukikaa kwa sababu ya maumivu inanyauka, kisha goti linabaki peke yake na uzito wote.

Fanya hivi. Kaa kwenye kiti au benchi, nyoosha mguu mmoja mbele mpaka uwe sawa, kaza paja, hesabu hadi tano, shusha polepole. Mara kumi kila mguu, asubuhi na jioni. Ukishazoea, simama kutoka kwenye kiti bila kujivuta kwa mikono, kaa tena taratibu, mara tano, kisha kumi. Wiki ya kwanza litauma kidogo, hiyo haina shida. Likivimba, pumzika siku moja na upunguze. Tembea kila siku hata kama ni hadi bombani na kurudi.

Fimbo ishike mkono wa upande usiouma. Goti la kulia linauma, fimbo mkono wa kushoto. Watu wengi hufanya kinyume, na bibi alifanya kinyume kwa miaka. Dumu la lita 20 lina kilo 20, na ukiliweka kichwani goti linazibeba zote. Chota lita 10 mara mbili, au mwachie kijana. Nyinyi vijana mnaonisikiliza mkiwa mmekaa, mmenisikia. Kitambaa kilicholowekwa maji ya moto na kukamuliwa, kikiwekwa juu ya goti dakika kumi na tano usiku, huleta usingizi. Hakikisha tu hakiunguzi.

Kabla sijaaga, haya yasingoje. Kiungo kimoja kikivimba ghafla, kiwe cha moto, na mtu awe na homa, hasa mtoto asiyetaka kukanyaga mguu, nenda kituoni saa hiyo hiyo hata kama ni usiku. Hiyo inaweza kuwa usaha ndani ya kiungo, na kiungo huharibika kwa siku chache. Mtoto wa shule aliyeumwa koo, kisha wiki mbili tatu baadaye goti likauma, likaacha, kikauma kifundo cha mguu, kikaacha, usimpake dawa ya kuchua ukalala. Hiyo inaweza kuwa homa inayoshambulia moyo. Na mtoto anayeumwa mikono na miguu mara kwa mara, macho yakiwa ya njano, apimwe selimundu.

Bibi hajapona. Goti lake bado linamwambia mvua inakuja kabla ya mawingu. Lakini anaenda chooni bila kushika ukuta, na jioni anakaa mlangoni kwenye benchi akinyoosha mguu na kuhesabu kwa Kibembe, na wadogo zangu wanahesabu naye kwa sauti kubwa mpaka majirani wanalalamika. Mchuuzi alipita tena mwezi uliopita na wimbo wake. Bibi alimwita, akamuuliza kama ana manjano mabichi ya kutwanga. Hakuwa nayo.

Una swali, au una kopo nyumbani unalolitilia shaka? Andika kwenye karatasi, bila jina ukipenda, uidondoshe kwenye sanduku la maswali lililo karibu nawe. Kopo lenyewe lipeleke kituo cha afya. Kipindi kijacho ni jongo.

(Muziki wa kufungia.)